Alfred wa Kwenye Kompyuta

Kama ulikosa gazeti la Jumamosi iliyopita, pole, ingawa hukukosa raha yoyote. Tulimwacha Yunis, mke wa Mwalimu Lazaro wa Kisanga, akishuka kwenye gari pale Mikumi, mbele ya hospitali, na mwanawe mgongoni. Mpunga wake wa Tindiga ulikuwa umeshakwenda na mafuriko, na mabua machache yaliyobaki yakaliwa na ng'ombe wa watu. Juu ya hayo Alfred, mtoto wake wa pekee, wa miaka kumi na mmoja, alianguka na baiskeli akitoka gulio la kijiji cha Ulaya. Mguu ukavimba mpaka ngozi ikang'aa.

Majirani walipomwonea huruma, Yunis aliwapa jibu moja tu.

"Mtoto ana bima. Baba yake ni mtumishi."

Alilisema hilo kwa kujidai kidogo, na sisi tusimlaumu. Kadi yake mwenyewe ilimtibu vizuri miaka yote, meno na malaria na mgongo. Ya Alfred aliiweka mumewe, na mtoto akipata homa ni mumewe aliyempeleka. Safari hii Lazaro alikuwa Kilosa mjini kwenye semina, na mguu haukutaka kungoja semina iishe.

Daktari Tumwagile, mama mfupi mwenye haraka zake, aliutazama mguu, akaupeleka kwenye picha, akarudi na uso mwingine.

"Usaha umeingia ndani ya mfupa," alisema. "Huyu tunamfungua kesho. Tukichelewa, mimi na wewe tutazungumza habari ya kuukata, na sitaki tufike huko."

"Tusifike, daktari. Ana bima."

"Vizuri sana. Nenda dirishani wakuandikie."

Kwenye dirisha la bima alikaa msichana anayeitwa Verdiana. Alimwamkia Yunis shikamoo, akaitikiwa marahaba, akasema wala asihangaike kwamba kadi ya mtoto imebaki nyumbani. Kadi ya mama inatosha, wote wako chini ya mwanachama mmoja.

Akabonyeza kompyuta. Akatazama kioo. Akamtazama Alfred, ambaye alikuwa amelazwa kwenye benchi, jasho linamtoka. Akarudi kwenye kioo.

"Mama, huyu ndiye Alfred Lazaro?"

"Ndiye."

"Wa kumzaa?"

"Kwa tumbo hili hapa."

"Na dawa zake za siku zote anaendelea nazo?"

"Dawa gani? Huyu hajawahi kulazwa tangu azaliwe."

Verdiana akaigeuza kompyuta kidogo, mama aione.

Jina lilikuwa la Alfred. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ya Alfred. Picha ilikuwa ya Nickson.

Nickson ni mtoto wa Magreth, na Magreth ni dada yake Lazaro. Mtoto mwembamba, mwenye macho ya manjano, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomkunja mtu kwa maumivu. Likizo zote huja Kisanga, hulala kitanda kimoja na Alfred, hula sahani moja naye. Hata sweta alilovaa kwenye picha, Yunis ndiye aliyelishona vifungo.

"Mmekosea," alisema. "Mmeweka picha ya mtoto wa wifi yangu."

"Sisi hatuweki picha, mama. Anaileta mwanachama."

Verdiana alinyanyuka, akamwita mkubwa wake. Mkubwa mwenyewe alikuwa Bwana Lupakisyo, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, mkaguzi wa mambo ya bima. Yunis alimwamkia kwa heshima zote. Aliitikia, lakini hakumkaribisha kiti.

"Mama, mimi Alfred namjua," alisema. "Anakuja kliniki hapa kila mwezi. Manesi wanamwita kwa jina, wanampa pipi. Leo unaniletea mtoto mwingine unaniambia ndiye."

"Baba, huyu ndiye. Yule siye."

"Kila siku naambiwa hivyo. Mtu ana mtoto mgonjwa, anaazima kadi kwa ndugu, anakariri jina njiani. Nawaelewa. Lakini hii ni jinai."

Sikiliza hilo vizuri, msomaji wangu. Mama aliyemzaa Alfred akaambiwa kwamba amemwibia Alfred jina. Yunis alitaka kucheka, halafu akataka kupiga kelele, na mwisho hakufanya lolote. Bwana Lupakisyo aliichukua kadi yake, akaitia mfukoni.

"Nabaki nayo mpaka nielewe. Na mgonjwa bila bima analipiwa taslimu kabla ya kupasuliwa. Huo si uamuzi wangu."

Fedha yenyewe, hata angeuza shamba la Tindiga na maji yake, isingefika.

Alimpigia mumewe. Lazaro hakuuliza mguu ukoje. Aliuliza, "Umewaambia nini?" Halafu akasema anakuja.

Alikuja na bodaboda, suruali ya semina imejaa vumbi. Alikataa kuingia kwanza wodini, ambako Alfred alikuwa ameshalazwa. Alimvuta mkewe mpaka nyuma ya jengo la kufulia, kwenye kamba za mashuka, akasimama akiangalia viatu vyake.

"Mama Alfred, nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Siku nyingi."

"Niambie leo basi."

Akamwambia. Nickson alipogundulika na selimundu, Magreth alikuwa ameshaachwa na mume, hana mbele wala nyuma. Lazaro akaenda kuuliza amwandikishe mpwa wake. Akajibiwa alichojibiwa kila mjomba aliyewahi kwenda kuuliza. Bima ya mtumishi inamjua mwanachama, mwenza wake, wazazi wake na watoto wake. Mpwa haimjui. Unaweza kumlea, kumvisha, kumsomesha mpaka chuo, wao watakuuliza maneno mawili tu: umemzaa, au umemwasili mahakamani?

"Ningesema nini? Sikumzaa. Na mahakamani Magreth hakutaka. Alisema ataonekana amemgawa mtoto."

"Ukachukua cheti cha Alfred."

"Cheti cha Alfred na picha ya Nickson. Hakuna aliyeuliza."

"Na Alfred mwenyewe akatibiwa na nini miaka yote?"

"Dawa za dukani. Alfred hajawahi kuumwa sana, wewe mwenyewe unajua. Nilisema nafasi imekaa bure, mwenzake anakufa."

Hapa inabidi nikueleze jambo, kama wewe si mtu wa milima ya huku. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wake ni mjomba. Baba anazaa na kulisha. Mjomba ndiye anayeulizwa mtoto akiumwa, akioa, akifa. Nickson angekufa bila dawa, wazee wangemkalisha Lazaro chini, si yule aliyemzaa akatoroka. Lazaro alibanwa, hilo simnyimi. Lakini kuna kubanwa, na kuna kumtoa mwanao mlangoni ili mwingine apite.

"Mimi ndiye mjomba wake," alisema. "Ningefanyaje?"

"Ungeniambia mimi."

"Ungekataa."

"Sasa utajuaje, na hukuniuliza?"

Lazaro akaanza kukung'uta vumbi la suruali.

"Twende kwa yule mkaguzi," alisema Yunis. "Umwambie kama ulivyoniambia mimi. Wabadilishe picha, mtoto apasuliwe."

Lazaro akatikisa kichwa, kwanza polepole, halafu kwa nguvu.

"Nikisema, kazi imekwisha. Nitashitakiwa. Na Nickson dawa zake zinakatwa siku hiyohiyo. Nipe wiki moja nikope mahali."

"Mguu hauna wiki."

"Kila mtoto ana mjomba wake, Mama Alfred. Mimi nimebeba wangu. Ditram yuko wapi?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote. Ditram ni kaka yake Yunis, mkulima wa Ulaya, mjomba wa Alfred. Na kwa namna fulani ya kuudhi, Lazaro alikuwa na haki. Huku kwetu mwanamke hampeleki mumewe mbele ya watu kabla kaka yake hajajua. Yunis alifunga kanga vizuri, akatoka mpaka barabara kuu ambako simu inashika, akapiga. Njiani alijisemea kwamba angalau kwao wapo. Kaka yake akisikia, atakuja na hasira zake zote, na Lazaro ataufyata.

"Kaka shikamoo."

"Marahaba dada. Mguu wa mjomba wangu Alfred vipi?"

Akaeleza yote, malori yakimpita na honi. Upande wa pili kimya. Akadhani simu imekatika.

"Kaka?"

"Nipo, dada." Ditram akakohoa. "Jambo hilo nalijua."

"Unalijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Shemeji alikuja kwangu kwa utaratibu. Alisema mtoto ni wa kwenu, siwezi kumgusa bila mjomba wake kujua, naomba niazime jina lake kwa ajili ya yule mgonjwa. Alikuja na mbuzi."

"Mbuzi."

"Mbuzi dume. Mtu amekuja kwa heshima, ningemfukuza?"

Yunis alimkumbuka mbuzi yule. Ilikuwa Pasaka. Ditram alimwalika dada yake Ulaya, akamkaribisha mguu wa nyuma, akamwambia kula, dada, shemeji yetu mtu wa maana. Na yeye akala, akarudishia na mchuzi. Wanaume wawili waliazimana jina la mwanawe kama watu wanavyoazimana jembe, kila hatua imefuatwa, kila mwenye haki ameulizwa. Ila aliyemzaa. Yeye aliitwa kuja kula.

"Kaka, kwa nini hukuniambia?"

"Shemeji alisema atakwambia mwenyewe."

"Basi, ndiyo hivyo. Na wewe ndiye mjomba. Bima yako ile ya kaya, ya kule zahanati, umemwandika Alfred?"

Hapo Ditram alikohoa tena, na safari hii kikohozi kilikuwa cha uongo.

"Wanaandika kaya, dada. Watu wa nyumba moja. Mimi na mke wangu na watoto. Sheria yao ndiyo hiyo, na nafasi zilijaa."

Unaona maajabu hayo? Mmoja alishika mila akaiacha sheria. Mwingine alishika sheria akaiacha mila. Kila mmoja alichagua ile iliyokinga watoto aliotaka yeye kuwakinga, na Alfred akabaki katikati, hana wa huku wala wa kule. Yunis alikata simu bila kuaga. Alisimama pale barabarani akalia kwa sauti, kanga mdomoni, na muuza nyanya aliyekuwa karibu akasogeza kapu lake ampe nafasi.

Alipomaliza kulia, alijua atakachofanya. Hana mume wa kumsemea, hana kaka. Basi atasema mwenyewe.

Wodini alimkuta Lazaro ameketi kitandani kwa Alfred, amemshika mkono, wanaongea kwa kunong'ona. Soda iko pembeni, haijafunguliwa. Walipomwona wakanyamaza. Lazaro alinyanyuka haraka, akaenda kusimama dirishani.

Yunis alimpapasa mwanawe paji la uso. Lilikuwa moto kuliko asubuhi.

"Mama," alisema Alfred kwa sauti ndogo, "ni kweli watamfunga baba?"

"Nani kakwambia?"

Macho ya Alfred yalikwenda dirishani, yakarudi.

"Hakuna wa kufungwa," alisema Yunis, ingawa hakuwa na hakika. "Huenda mzee mmoja akaja kukuuliza maswali. Wewe mwambie ukweli tu. Umesikia, baba?"

Mtoto akageukia ukuta.

Yunis alimfuata Bwana Lupakisyo ofisini, akamwambia kila kitu. Cheti, picha, Magreth, mbuzi. Hakuficha hata sehemu zilizomwaibisha. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alivuta kiti akamkalisha.

"Mama, kama ni kweli unayosema, mtoto huyu ana haki ya kutibiwa," alisema. "Haki ni yake kwa sababu ni wa mwanachama, hata kama mwanachama amefanya makosa. Nitaandika mimi mwenyewe apasuliwe, na mambo ya baba yake yatakuja baadaye. Lakini siwezi kuandika kwa neno lako peke yako. Karatasi ndizo zilizonidanganya mpaka leo, kwa hiyo cheti usiniletee. Nitamwuliza mtoto."

Moyo wa Yunis ukatulia. Alikuwa amelishikilia jambo lile peke yake tangu asubuhi, na sasa mtu mmoja alikuwa tayari kumsikiliza. Na mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua jina lake.

Waliingia wodini pamoja. Lazaro alikuwa palepale dirishani. Alimwamkia mkaguzi.

"Wewe ni nani kwa huyu mgonjwa?" aliuliza Bwana Lupakisyo.

Lazaro alimtazama mkewe. Yunis alimtazama naye, akimwomba kwa macho, maana hata wakati ule alikuwa bado anamwachia mlango wazi.

"Mimi ni mjomba wake," alisema Lazaro.

Yunis akasogea mbele. Akashika chuma cha kitanda.

"Anadanganya, baba. Mwulize mtoto. Ulisema utamwuliza mtoto."

Bwana Lupakisyo aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa Alfred. Aliongea naye kwa upole, kama mtu mwenye watoto nyumbani.

"Pole sana, kijana wangu. Usiogope. Unaitwa nani?"

Alfred alikuwa anatetemeka, sijui kwa homa au kwa lile alilobebeshwa.

"Nickson," alisema.

"Nickson nani?"

"Nickson wa mama Magreth."

"Na huyu hapa?" Mkaguzi alimwonyesha Yunis. "Huyu mama ni nani yako?"

Mtoto alianza kulia bila sauti. Alimtazama mama yake machoni, mara ya kwanza tangu Yunis arudi kutoka barabarani, akasema maneno aliyofundishwa.

"Mke wa mjomba."

Bwana Lupakisyo alisimama wima. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimtazama Yunis jinsi unavyomtazama mtu aliyekufanya umwamini halafu ukajuta. Alitoa kadi mfukoni, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Alfred, baba," Yunis alinong'ona. "Alfred. Niangalie mimi."

Lakini mtoto alikuwa amefumba macho, na safari hii hayakuwa macho ya mtu anayelia tu. Kichwa kilianguka upande. Yunis alimshika shingoni, akapiga kelele ya kuita nesi, na nesi alipomgusa Alfred naye akapiga kelele ya kuita daktari.

Daktari Tumwagile aliingia mbio, akapima, akafunua shuka, akatazama wekundu uliokuwa umeshapanda mpaka pajani.

"Usaha umeingia kwenye damu. Kesho haipo tena, anaingia sasa hivi," alisema. "Habari za bima na fedha mtazungumza akiwa ndani. Mimi nahitaji kitu kimoja. Na niseme wazi, nikifungua nikakuta mfupa umekwisha, nitaukata mguu, kwa hiyo ridhaa lazima iwe ya mzazi. Siyo jirani, siyo shangazi. Mzazi."

Nesi alimnyooshea Yunis kalamu, maana tangu asubuhi ni yeye aliyekuwa akimwona na mtoto.

Bwana Lupakisyo akaweka mkono wake katikati.

"Huyu siye," alisema. "Mtoto mwenyewe amekana."

"Basi nani?" Daktari aligeuka, sauti imepanda, akamtazama Lazaro aliyekuwa amebandika mgongo ukutani. "Wewe mwanaume. Mzazi wa mtoto huyu ni nani humu ndani?"